Likizo ndefu hapa Amu (Lamu): namna ya kujiendeleza bila kujiandikia ratiba ya uwongo

Kila mwisho wa Oktoba shule zikishafungwa mimi huanza kusimamishwa njiani. Natoka Langoni kwenda Mkunguni kununua mkate tu, nikifika nshaulizwa mara tatu, "kaka, likizo hii nifanyeje nisirudi shule vile vile nilivotoka?" Na mama zao nao hunitumia sauti za WhatsApp za dakika nne nne, nusu yake ni salamu. Maswali ni yale yale kila mwaka kwa hivo nimeyaandika, ukiniuliza tena ntakutumia hii na ntaendelea na mkate wangu.

Mimi si mwalimu. Ni mtu ambaye vijana wa mtaani huja kukaa barazani kwetu na madaftari yao, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi niliyeharibu likizo zangu karibu zote. Fomu two nilitengeneza ratiba ya rangi saba, saa 11 Hesabu, saa 12 Fizikia, saa 1 chai, saa 1 na nusu Kemia, mpaka saa 4 usiku, nikaibandika nyuma ya mlango. Siku ya tatu kukawa na harusi kwa ami yangu, siku ya nne nimelala mpaka adhuhuri, siku ya tano naona haya hata kufunga ule mlango manake nikiufunga naiona. Kosa langu nilikuja kulijua baadae sana: nilichukua ratiba ya shule nikaileta nyumbani, na nyumbani hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Lakini kengele nyumbani ipo, tena mara tano kwa siku, nayo ni adhana. Mwongozo wote huu umesimama hapo.

(Kama wewe si Muislamu, uko Mpeketoni au Hindi kule bara au popote, tumia saa za chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Mradi kiwe kitu kinachotokea kila siku utake usitake.)

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Daftari moja jipya. Moja tu, na kalamu mbili.
- Ripoti fomu yako ya muhula uliokwisha na karatasi za mitihani uliyofanya. Zile ulizozificha, ndizo hizo hizo.
- Saa yoyote isiyo simu, hata ile ya ukutani.
- Taa ya kuchaji au ya sola, kwa sababu stima ikikatika haikuulizi.
- Mtu mzima mmoja anayejua unafanya nini. Mama, babu, dada mkubwa, yoyote mwenye sauti nyumbani.

Simu na bando si lazima. Laptopu usimsumbue mtu akununulie. Na tuisheni pia si lazima, ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yenyewe imekataza wanafunzi kupitishwa tuisheni za likizo, kwa hivo ukiambiwa bila tuisheni huwezi kitu, tabasamu uende zako.

HATUA

1. Siku nne za kwanza pumzika kweli kweli.

Lala, kula, zunguka Shela, cheza mpira, ogelea. Usijifanye unasoma. Nimeona vijana wengi wanaanza siku ile ile waliyoshuka kwenye boti ya Mokowe na begi halijafunguliwa, wiki moja wamechoka na likizo bado ina wiki tisa mbele. Kazi yako ya siku hizi nne ni moja, kuitoa ile ripoti fomu begini na kuiweka mahali unapoiona.

2. Andika siku yako ilivyo, usiandike unavyoitaka.

Siku ya tano na ya sita tembea na daftari lako, kila baada ya swala andika mistari miwili mitatu ulifanya nini toka swala iliyopita. Bila kudanganya. "Alfajiri mpaka saa 3 nimelala. Saa 3 mpaka adhuhuri TikTok na kutumwa sokoni mara mbili. Adhuhuri mpaka alasiri chakula na usingizi. Alasiri madrasa. Magharibi baraza." Basi hapo ushaona mwenyewe mwanya uko wapi.

Andika na maji yanajaa saa ngapi, usicheke. Kijana wa Amu maji yakijaa pale gatini kila kitu kinasimama, wenzio washaanza kuruka na wewe eti unasoma Biolojia, haiwezekani. Na maji kujaa hakukai saa moja, husogea kama dakika 50 kila siku, ndio maana mtu aliyejipangia kusoma saa 10 jioni wiki hii anaweza, wiki ijayo maji yamemkuta hapo hapo. Wakati wa bamvua, maji makubwa, ndio usijaribu kabisa.

Wasichana mtaona karatasi yenu imejaa. Kuosha vyombo, kupika, kushika mtoto, kufagia kiwanda (ua), kutumwa kwa jirani, na kaka yako umri wako yuko barazani. Hilo nalisema waziwazi kwa wazazi wanaosoma hapa: msichana akipata saa moja ambayo hatumwi, saa moja tu, atafanya maajabu. Ipeleke hiyo karatasi kwa mama ilivyo, usilalamike, muombe saa moja yenye jina. "Mama, baada ya alfajiri mpaka saa 1 na robo usinitume, baada ya hapo nitume hata Matondoni." Wengi hukubali, wakiiona kwa maandishi.

3. Chagua kitu kimoja cha darasani.

Kimoja, na kiwe kidogo. "Hesabu" si kitu kimoja, Hesabu ni bahari. Chukua zile karatasi za mtihani, hesabu alama ulipozipoteza, utakuta hukupoteza kila mahali, umepoteza kwenye sehemu mbili tatu zinazojirudia. Labda ni sehemu na desimali, labda ni logarithimu, labda kwenye Kiingereza ni insha tu na ufahamu unapata. Hiyo sehemu moja ndio kazi yako kwa wiki tatu za kwanza. Ukiimaliza chukua ya pili.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kuchagua somo unalolipenda. Kuna kijana barazani kwetu likizo nzima alisoma Historia na alikuwa anapata A toka mwanzo. Raha aliipata, lakini Kemia ilimsubiri Januari pale pale alipoiwacha.

4. Chagua kitu kimoja cha mkono.

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndio sehemu watu hawaitilii maanani, na kwa mui (mji) wetu huu ni aibu kumaliza shule hujui kazi ya mkono hata moja na mafundi umepakana nao ukuta. Watoto wa Nairobi wanalipia kozi za likizo. Wewe unapita mbele ya karakana ya kuchonga milango kila siku ukienda dukani.

Viko vingi:

Kushona kofia. Kitambaa, sindano, uzi, na subira. Kofia ya vito ina vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, haimaliziki kwa wiki, lakini ndio kazi nzuri kwa mwanafunzi kwa sababu unashona hata ukiwa barazani watu wanapiga porojo. Anza na kipande cha kitambaa kibovu, usianze na kofia.

Useremala na kuchonga. Muda mrefu utakuwa unapiga msasa na kuokota vumbi. Ni sawa.

Mashua. Matondoni bado wanaunda na kutengeneza, ukienda utamuona mtu na tezo, mwengine anatoboa kwa keke, mwengine anatia kalafati kwenye mianya ya mbao. Kama una ndugu kule nenda ukalale wiki mbili, si lazima utoke fundi.

Ukili na mikeka, hina, cherehani, kupika kwa kuuza. Mapishi usiyadharau, msichana mmoja mtaani alianza na kaimati za sinia moja jioni, sasa wenye shughuli wanamuagiza, lakini alichojifunza zaidi ni hesabu za mtaji, sukari imekula ngapi na mafuta ngapi na faida imebaki wapi. Hiyo nayo ni hesabu, tena haina karatasi ya majibu nyuma.

Kutaipu. Kama una kompyuta karibu au saiba ya mtu mnayejuana, dakika 30 kwa siku kwa vidole vyote kumi bila kuangalia chini. Wiki sita unabadilika.

Namna ya kumuingia fundi, hili naulizwa sana. Usiende na karatasi wala usimwambie "nataka kujifunza skilzi". Nenda asubuhi, toa salamu kama ulivyofunzwa, shikamoo mzee, mwambie wewe ni mtoto wa fulani, shule imefungwa, unaomba kukaa nae alasiri usaidie. Alafu kaa. Wiki ya kwanza atakutuma maji, atakutuma misumari, atakufagilisha. Usikasirike na usiulize utalipwa nini. Anakuangalia kama utarudi kesho, basi. Fundi mmoja wa mbao nilimuuliza kwa nini anawafagilisha sana watoto akanambia "anayejua vumbi limetoka wapi anajua na mbao imekatwa wapi." Sikumjibu.

5. Vitundike vitu vyako viwili kwenye swala.

Cha darasani baada ya alfajiri. Usirudi kitandani, hiyo ndio vita yote, ukirudi kitandani likizo imekwisha. Kunywa maji, panda darini, jua linatoka, upepo upo, punda ndio kwanza wanaanza kupita na mchanga, hakuna anayekutuma. Soma dakika 25, pumzika 5, soma 25 nyingine. Umemaliza, funga daftari, nenda kalale kama unataka. Hizi dakika 25 si zangu, ni za Muitaliano mmoja, Francesco Cirillo, alizianza akiwa mwanafunzi miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaziita pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Wa Malindi mliozoea Waitaliano hamna haja ya kutafsiriwa.

Cha mkono baada ya alasiri, au baada ya madrasa kama unaenda jioni. Saa moja na nusu inatosha.

Adhuhuri mpaka alasiri usijiwekee kitu cha akili. Disemba ni kaskazi, joto la mchana kwenye nyumba za mawe zilizobanana unalijua mwenyewe, ukisoma saa 8 mchana unasoma mstari mmoja mara kumi. Lala.

Jumla ni kama saa mbili na nusu kwa siku. Utaniambia ni kidogo. Ni kidogo, ndio maana utaifanya na kesho.

6. Soma kwa kufunga kitabu.

Wengi wanasoma kwa kurudia rudia na kupaka rangi mistari, ukurasa mzima njano, ukimuuliza hajui. Fanya hivi: soma ukurasa mmoja au tazama mfano mmoja wa hesabu, funga kitabu, andika kwenye daftari unachokumbuka au fanya hesabu ile upya bila kuchungulia. Fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Ulipokosea ndipo pa kurudi kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu akachapisha mwaka 1885, akaonesha tunasahau kwa kasi sana siku za mwanzo, na kurudia kwa kupisha siku kunasaidia kuliko kurundika siku moja. Madrasa wanaijua hii zamani, ndio maana ustadh hakupi somo jipya hujamsomea la jana.

7. Simu.

Saa ya alfajiri simu ikae chumba kingine, si chini ya mto, chumba kingine. Kama unahitaji video za masomo, Khan Academy ni ya bure na masomo yake ni mazuri hasa ya Hesabu na Sayansi, lakini pakua video usiku uliopita ukiwa na bando au waifai ya mtu, asubuhi utazame bila intaneti. Ukiwasha data kutafuta logarithimu utarudi akilini saa 4 unamtazama mtu anapika keki.

8. Soma kitu kisichokuwa cha shule.

Hadithi, mashairi, gazeti la juzi lililofungiwa maandazi, chochote, dakika 20 kabla ya kulala, leo Kiswahili kesho Kiingereza. Nyumbani kukiwa na kelele sana ulizia maktaba ya pale Ngome, kuta zile nene ndani kuna ubaridi. Jengo lile lilikuwa jela mpaka 1984 kwa hivo wewe utakuwa mwenye bahati, unaingia na kutoka.

9. Ijumaa baada ya swala, hesabu siku.

Fungua daftari, hesabu siku ngapi ulifanya cha darasani na ngapi cha mkono. Andika tarakimu mbili tu, mfano 5 na 4. Ukipata 4 kwenda juu uko sawa. Ukipata 2, punguza, dakika 25 moja badala ya mbili. Usiongeze! Kila mtu akifeli wiki hujiadhibu kwa kuongeza saa na wiki inayofuata anafeli zaidi.

Na kama umefika miaka 18, likizo ndio wakati wa kushughulikia kitambulisho, tafuta cheti chako cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi mapema. Usingoje kuambiwa kinahitajika kesho.

TAHADHARI MBILI ZA AMU

Disemba wageni wanajaa, na pesa za haraka zinajaa nao. Kumuonesha mgeni njia na kuzungumza nae Kiingereza ni mazoezi mazuri, lakini anayekwita umsindikize usiku, au rafiki mkubwa anayekupa "kitu kidogo" cha kuuza, hapo ondoka, usiage.

Ya pili harusi. Msimu huu kuna wiki utakuwa na harusi tatu, hasa wasichana. Usishindane nazo. Andika H kwenye daftari kwa siku hizo, uende ukacheze, wala usizihesabu Ijumaa.

MATATIZO YANAYOTOKEA

"Nimekosa siku nne mfululizo." Usizilipe. Siku zilizopita hazina deni. Kesho alfajiri fanya dakika 25 moja tu, ukurasa mpya.

"Nasoma lakini haingii." Umeanza juu sana. Kama logarithimu haziingii rudi kwenye vipeo, kama vipeo haviingii rudi kwenye kuzidisha. Azima kitabu cha darasa la chini yako kwa mdogo wako, mwambie unamsaidia.

"Nyumba ina kelele, tuko kumi." Darini alfajiri, dakani (ukumbi wa mlangoni) mchana, au msikitini baina ya magharibi na isha kwa wavulana. Wasichana, nyumba ya bibi. Kila ukoo una bibi mmoja anayekaa peke yake na anatamani mtu, mpelekee maji, soma pale, utakula na vizuri.

"Baba anasema nakaa bure, niende nae baharini." Nenda nae. Kuvua ni kitu cha mkono kama vyengine, ndicho kiwe chako. Cha darasani ukifanye siku ambazo bahari mbaya au nyavu zinashonwa.

"Wenzangu wananicheka." Kwa wiki mbili. Alafu mmoja atakuja kukuuliza kwa siri unatumia karatasi zipi za mtihani. Mpe.

"Fundi hanifunzi, wiki ya tatu nafagia tu." Wiki mbili ni adabu, wiki ya tatu uliza, "mzee, nipe kipande kibovu nijaribu." Akikataa, na ya nne bado fagio, muage vizuri utafute mwengine. Wako wanaotaka mtu wa kuwafagilia tu.

"Nimeisoma hii Disemba tarehe 20, zimebaki wiki mbili." Wacha hatua ya 1, ya 2 na ya 4. Toa karatasi ya mtihani leo, tafuta sehemu moja uliyopoteza alama nyingi, na kesho panda darini. Siku kumi za dakika 50 ni zaidi ya saa nane, sehemu moja inatosha kuingia kichwani. Kofia utashona Aprili.